Damu Inapotoa Ushahidi Juu ya Moyo

Ndugu wafanyakazi, ukurasa huu umezoea kuwaletea habari za mishahara, posho na mikataba. Safari hii tunaandika juu ya karatasi ya maabara. Tunafanya hivyo kwa sababu karatasi ya namna hiyo nusura imwachishe kazi mwenzetu mmoja, na ukweli ni kwamba sisi viongozi wa tawi tulikuwa na sehemu yetu katika kosa hilo.

Ilikuwa mwaka 2021, hapa Uganda, baada ya wimbi la pili la korona lililotupiga mwezi wa 6. Mwenzetu huyo ni mtia kuni kwenye boila la kiwanda cha chai. Alilazwa siku 19, na katika hizo siku 6 alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, oksijeni puani, mkewe amezuiwa mlangoni. Mungu akamjalia akatoka. Alifika ofisini kwetu amekonda, suruali ameifunga kwa kamba, mkononi ana bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi yenye mistari mingi iliyopigwa na mashine, na mstari mmoja ulizungushiwa kalamu nyekundu: troponini, 86.

"Ndugu katibu," akasema, "tazama, nimepata 86. Shuleni sikuwahi hata kufika 50."

Alidhani ni maksi. Tukacheka naye. Kisha tukaona kwamba pembeni ya 86 ilikuwa imechapwa namba nyingine, 14, na kicheko kikaisha, ijapokuwa hatukujua ni 14 ya nini. Sisi tuliosoma darasa la 7 tunaweza kuusoma mkataba wa kazi neno kwa neno, lakini neno troponini hakuna kati yetu aliyekuwa amelisikia.

Karani wa utumishi naye hakuwa amelisikia. Yeye alitazama mstari wa chini tu, ulioandika kwamba kipimo cha korona sasa hakionyeshi kirusi, akampa siku 3 za kupumzika. Siku ya 4 arudi kwenye boila, zamu ya usiku.

Wenzetu wa viwanda vya nguo na sabuni huenda hamlijui boila la chai. Majani ya chai hukaushwa kwa hewa ya moto. Moto huo hutoka kwenye mvuke wa boila, na boila linakula kuni, magogo ya mkaratusi yaliyopasuliwa, usiku kucha. Mtia kuni huinama, hunyanyua, hutupa, hurudi nyuma kukwepa joto, huinama tena. Akisinzia, mvuke unashuka na chai inaharibika. Kijana mwenye afya hutoka pale asubuhi miguu ikitetemeka. Huko ndiko mtu aliyetoka hospitali juzi alikuwa anapelekwa.

Tukamtafuta musawo mmoja wa maabara, mtu mwema, akatukalisha chini ya mti baada ya kazi yake na kutueleza kwa subira. Haya yanayofuata tumeyapata kwake, na kwa maandishi aliyotupa tukayasoma pole pole na wenzetu wenye elimu zaidi.

TROPONINI NI KITU GANI

Moyo ni msuli. Ndani ya nyuzi za msuli huo kuna protini iitwayo troponini. Kazi yake yafanana na kazi ya swichi: kila pigo la moyo, troponini hupokea amri, nyuzi zikavutana, moyo ukakaza na kusukuma damu. Mahali pake ni ndani ya chembe za msuli. Katika damu inayozunguka mwilini haitakiwi kuonekana ila kidogo mno. Chembe za moyo zinapoumia, troponini huvuja na kuingia katika damu, na mashine ya maabara huiona.

Wenye trekta wataelewa upesi. Ukifika asubuhi ukakuta mafuta yamemwagika chini ya trekta, unajua injini imeumia. Hujui bado kama ni jiwe, uchakavu, au fundi wa jana. Mafuta yanasema kuna jeraha, basi.

Ile namba 14 ni mpaka. Watu wenye afya wakipimwa kwa mashine ya namna ile, 99 katika kila 100 huwa chini yake. Hesabu ni ya nanogramu katika lita moja ya damu, na nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara 1,000,000,000. Ni kitu kidogo kiasi kwamba hata musawo alicheka alipojaribu kutuonyesha kwa vidole. Lakini hapa tahadhari inahitajika. Troponini za moyo zinazopimwa ni za aina mbili, T na I, na mashine ni nyingi. Mashine moja mpaka wake ni 14, nyingine mpaka wake ni mwingine kabisa, na nyingine huandika kwa desimali, 0.04 kwa mfano. Kwa hiyo haifai kuchukua namba ya karatasi yako na kuishindanisha na ya jirani yako. Itazame na mpaka uliochapwa katika karatasi hiyo hiyo.

Kipimo hiki hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1954 madaktari wa New York walionyesha kwamba mtu aliyepatwa na shambulio la moyo, kimeng'enya fulani huzidi katika damu yake. Ubaya ni kwamba kimeng'enya hicho kimo pia katika ini. Baadaye wakatumia kingine ambacho huandikwa kwa herufi CK, nacho kimo katika misuli yote ya mwili. Mtu aliyebeba magunia mchana kutwa, au aliyechomwa sindano ya msuli, CK yake hupanda ingawa moyo wake ni mzima kabisa. Hebu fikirini kipimo hicho kwa kuli wa bandarini au mkata miwa! Angeambiwa moyo wake mbovu kwa sababu tu amefanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Hugo Katus na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, walitengeneza kipimo cha troponini T ya moyo, na mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vikaandika kwamba troponini ndiyo alama ya kutangulizwa. Ubora wake kwa sisi watu wa sulubu ni huo: inatofautisha moyo na bega.

BARUA YA KWANZA

Tulimwandikia meneja. Tulisema kwamba mwenzetu ana alama katika damu inayoonyesha moyo uliumia, na tukaomba asipelekwe kwenye boila. Tukakumbusha vile vile kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, siyo siku 3 za hisani ya karani.

Jibu lilikuja baada ya siku 2. Lilikuwa la adabu, hatuwezi kusema uwongo. Kampuni ilikubali kwamba mwezi haujaisha. Lakini juu ya boila ilisema hivi: korona ni ugonjwa wa mapafu, na mapafu yamepona, tena huyu bwana kabla ya hapo hakuwa na ugonjwa wa moyo wala shinikizo la damu, kama daftari la zahanati ya kampuni linavyoonyesha. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzungumza habari za moyo.

Jambo hilo lilitusumbua, maana kwa sikio la kawaida lina mantiki. Mtu akiugua kifua, moyo umeingiaje?

Musawo alitueleza njia kadhaa, na zote zaweza kukutana kwa mgonjwa mmoja. Mapafu yakijaa, oksijeni hupungua katika damu, wakati ule ule homa inaulazimisha moyo kupiga mbio. Moyo unafanya kazi ya watu wawili kwa posho ya nusu mtu. Pili, mwili wenyewe katika kupigana na kirusi huwasha moto mkubwa kuliko unaohitajika, na moto huo hauchagui. Unaunguza na viungo vya nyumbani. Tatu, korona iligandisha damu ya wagonjwa wengi. Bonge likiziba mshipa wa moyo, msuli ulio mbele yake unakufa. Likiziba mshipa wa mapafu, upande wa kulia wa moyo unasukuma ukuta. Iko na njia ya nne, kirusi chenyewe kuingia katika msuli wa moyo na kuuvimbisha. Mwanzoni watu wengi walidhani hiyo ndiyo kubwa. Maiti zilipochunguzwa, uvimbe wa kweli wa namna hiyo ulionekana kwa wachache.

Na si korona peke yake. Uchunguzi uliofanywa Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na mafua makali ya influenza, uwezekano wa kulazwa kwa shambulio la moyo ulikuwa mara 6 ya siku zake nyingine. Korona imepungua makali, lakini influenza iko nasi kila msimu wa mvua.

WALIYOYAONA WUHAN

Jibu zuri zaidi kwa hoja ya kampuni lilitoka Wuhan, Uchina. Mji huo ni mji wa wafanyakazi wenzetu, wa chuma na magari, kando ya mto Yangtze. Ulifungwa tarehe 23 Januari 2020, wakati hospitali zake zilikuwa zimefurika. Katikati ya taabu hiyo, madaktari wa huko walikuwa wakiandika vipimo vya wagonjwa wao, na mwezi wa Machi mwaka huo huo ulimwengu ukasoma.

Katika hospitali moja, Renmin ya Chuo Kikuu cha Wuhan, walihesabu wagonjwa 416. Waliokuwa na troponini juu ya mpaka walikuwa 82, yaani karibu mmoja katika kila watano. Katika hao 82, walikufa 42. Katika wale 334 waliobaki, walikufa 15. Yafaa tuseme kwamba hesabu ilipofungwa wengi wa wagonjwa walikuwa bado vitandani, kwa hiyo hesabu hiyo haikuwa ya mwisho. Hata hivyo tofauti ya 42 katika 82 na 15 katika 334 hata mtoto wa shule anaiona.

Hospitali ya pili, ile inayoitwa ya 7 ya mji wa Wuhan, ndiyo iliyotusaidia sisi. Hapo wagonjwa walikuwa 187, wakafa 43. Madaktari waliwagawa makundi manne, na tunaomba ndugu msomaji ayafuate kwa kidole.

Ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala shinikizo la damu tangu zamani, na troponini haikupanda, walikuwa 105. Wakafa 8. Waliokuwa na ugonjwa huo wa zamani lakini troponini haikupanda, walikuwa 30. Wakafa 4. Ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa moyo wa zamani, lakini troponini ilipanda, walikuwa 16. Wakafa 6. Na waliokuwa na vyote viwili walikuwa 36. Wakafa 25.

Sasa litazameni kundi la pili na la tatu. Wale waliojulikana kuwa na moyo mbovu, lakini damu haikuonyesha jeraha jipya, walikufa 4 katika 30. Wale ambao daftari la zahanati lingewaita wazima, lakini damu ikaonyesha jeraha, walikufa 6 katika 16. Watu 16 ni wachache, na musawo alitukataza tusiifanye hesabu hiyo kuwa msahafu. Lakini ilitosha kutuonyesha kwamba daftari la zamani halitoshi. Meneja alisema, "Hakuwa na ugonjwa wa moyo kabla." Wuhan inajibu kwamba swali siyo kabla tu. Swali ni nini kilichompata akiwa kitandani.

Baadaye New York nayo ilihesabu. Katika hospitali za Mount Sinai, wagonjwa 2,736 waliolazwa mwanzoni mwa mwaka 2020, troponini ilikuwa juu kwa 36 katika kila 100, na hata waliopanda kidogo tu walikuwa katika hatari zaidi kuliko ambao hawakupanda. Kwa hiyo haikuwa habari ya Wachina peke yao.

BARUA YA PILI, AMBAYO TUNAIJUTIA

Tulipozipata hesabu hizo tulichemka. Tukaandika barua ya pili kwa nguvu, kurasa 2, na ndani yake tukaandika sentensi hii: "Mwenzetu sasa ni mgonjwa wa moyo, kama sayansi ilivyothibitisha." Tulifurahi sana na sentensi hiyo. Mmoja wetu aliisoma kwa sauti mara mbili.

Kampuni ilijibu siku iliyofuata. Kwa kuwa chama chenyewe kimekiri kwamba mfanyakazi ni mgonjwa wa moyo, na kwa kuwa kazi aliyoajiriwa ni ya boila, basi kampuni inaanza taratibu za kumwachisha kwa sababu za afya.

Mwenzetu alikuja na barua hiyo usiku. Hakutulaumu. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Wazee, mimi niliomba nipumzike. Sikuomba niende nyumbani." Ana watoto wanne shuleni, na nyumba anayolala ni ya kampuni. Akiachishwa kazi, anatoka na nyumba.

Turudi kwenye sheria, maana hapo ndipo penye mtego. Sheria ile ile ya mwaka 2006 inayotoa mshahara wa mwezi wa kwanza, inasema vile vile kwamba ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeumia moyo yuko kati ya mawe mawili. Akisema amepona, anapelekwa kwenye boila. Akisema bado, miezi inahesabiwa. Tulichopaswa kuomba tangu mwanzo ni kazi nyepesi kwa muda, chini ya karatasi ya daktari, yaani mtu yuko kazini, mshahara unakwenda, na moyo unapumzika. Badala yake tulipeleka neno "ugonjwa" kwa watu waliokuwa wakilisubiri.

Na neno lenyewe halikuwa kweli. Hapa ndipo tulipojifunza kwa aibu. Troponini iliyopanda kwa mgonjwa mahututi inasema msuli wa moyo umeumia. Haisemi umeumizwa na nini. Yaweza kupanda kwa shambulio la moyo, kwa uvimbe, kwa bonge la damu mapafuni, kwa oksijeni kupungua, hata figo zikishindwa kazi. Wala haisemi kwamba jeraha litadumu. Hesabu za Wuhan tulizozishika kama panga ni za watu waliokuwa hospitalini, nani alikufa na nani alibaki. Hazisemi lolote juu ya mtu aliyekwisha toka na miguu yake. Hata madaktari walibishana. Mwezi huo huo wa Machi 2020, Chuo cha Madaktari wa Moyo cha Marekani kiliwashauri madaktari wasiipime troponini ovyo kwa kila mgonjwa wa korona, bali pale dalili zinapoelekeza kwenye moyo, kwa kuogopa kwamba namba itawapeleka kwenye tiba zisizo na sababu. Wengine wakapinga, wakasema heri kujua mapema. Ikiwa wao walibishana, sisi wa ofisi ya tawi tulipata wapi ujasiri wa kuandika "sayansi ilivyothibitisha"?

KWA DAKTARI

Tulichanga. Mtia kuni, mvuta majani, mpima chai, hata nyapara mmoja alitoa. Mwenzetu akapanda basi kwenda kwa daktari wa moyo mjini, na mmoja wetu akafuatana naye.

Daktari hakuanza na karatasi. Alianza na mtu. Alimwuliza analala mito mingapi, akipanda kilima anasimama wapi, miguu inavimba jioni au haivimbi, alipata kuzimia. Akamvua shati akasikiliza. Kisha akampima umeme wa moyo, akampima na moyo kwa mashine ya picha, ile ya mawimbi ya sauti ambayo hutumika kwa kina mama wajawazito, ili auone ukipiga. Ndipo akarudia damu. Alitueleza kwamba namba moja ya troponini ni kama picha moja ya mtu anayekimbia: huwezi kujua anakwenda au anarudi. Namba mbili zilizopishana muda zinakuambia. Ya pili ilikuwa 31.

Juu ya mpaka bado, lakini ilikuwa inashuka.

Kulikuwa na mstari mwingine katika karatasi, herufi BNP, na huo ulikuwa mzuri. Hii ni alama ya aina nyingine. Haivuji kwa jeraha. Moyo wenyewe huitoa unapotanuka kwa kuzidiwa na mzigo. Daktari alituchekesha kwamba B hiyo ni ya ubongo, kwa sababu Wajapani walioigundua mwaka 1988 waliipata katika ubongo wa nguruwe, na ilipojulikana kwamba hutoka hasa moyoni jina lilikuwa limekwisha kushika. Kwa mwenzetu ilikuwa chini, na picha ilionyesha moyo unasukuma vizuri. Maana yake moyo uliumia lakini haukuwa umeshindwa.

Tukamwuliza: basi arudi kwenye boila? Alitikisa kichwa. Akasema kwamba tangu kabla ya korona, madaktari wa moyo wana kanuni kwa wanariadha: aliyethibitishwa kuvimba msuli wa moyo huzuiwa kukimbia kwa miezi 3 hadi 6, kwa sababu moyo uliovimba ukilazimishwa kupiga mbio unaweza kukosea mapigo na kusimama ghafla. Mwenzetu hakuthibitishwa kuwa na uvimbe huo, kwa hiyo kanuni yote haimhusu. Lakini moyo ambao damu yake bado inatoa ushahidi wa jeraha haupelekwi kwenye joto na magogo. Akaandika: kazi nyepesi wiki 8, kisha apimwe tena.

Tulilifikiria neno hilo la wanariadha njia nzima tukirudi. Mcheza mpira akipumzishwa miezi 3, gazeti linaandika na watu wanampa pole. Mtia kuni anafanya kazi ya moyo isiyopungua ile, usiku, bila mtu kumpigia makofi, na yeye anapewa siku 3.

Barua yetu ya tatu ilikuwa ya mistari 9. Tuliifuta ile sentensi ya barua ya pili kwa maandishi, tukaambatanisha karatasi ya daktari, tukaomba kazi nyepesi wiki 8 kwa mshahara ule ule. Hatukutaja Wuhan. Meneja alikubali siku hiyo hiyo, labda kwa sababu safari hii tulimpa kitu anachoweza kukitia sahihi. Mwenzetu akapelekwa bohari kuhesabu magunia ya chai, mchana, akiwa ameketi. Alipoteza posho ya zamu ya usiku, na hiyo hatukuweza kuirudisha.

Wiki 8 zilipokwisha namba ilikuwa 9, chini ya ule mpaka wa 14. Daktari akamruhusu. Alirudi kwenye boila, kwanza zamu ya mchana, mwezi mmoja akisaidiwa na kijana, kisha kama zamani. Hadi tunapoandika haya yuko pale pale, na karatasi ile yenye 86 ameibandika ukutani nyumbani kwake, karibu na picha ya harusi. Watoto wake wanajua kwamba siyo maksi.

Katika mazungumzo ya mkataba yaliyofuata tulileta kifungu: mfanyakazi yeyote aliyelazwa mahututi kwa ugonjwa wa virusi, iwe korona, influenza au mwingine, asirudi kwenye kazi ya nguvu mpaka awe na karatasi ya daktari inayotaja kazi anayoirudia kwa jina lake, na kama daktari ameandika kazi nyepesi, muda huo usihesabiwe kuwa ni wa ugonjwa. Kampuni ilikubali sehemu zote mbili. Tuliomba pia kwamba gharama ya kupima damu ya moyo na ile ya picha ilipwe na mwajiri, maana safari ile tulichanga, na siyo kila tawi lina watu wa kuchanga. Hiyo ilikataliwa. Tuliirudisha tena katika kikao kilichofuata, ikaandikwa kwamba itazungumzwa.